Boneti ya Bwana Tassinari

Bwana Tassinari ameandika tena.
Anataka kujua kwa nini boneti moja,
kitu ambacho mtoto anaweza kukiinua kwa vidole viwili,
imegharimu zaidi ya gari alilomnunulia mkewe
mwaka ule mvua ya mawe ilipoangamiza zabibu.

Mimi ndiye mwenye kalamu hapa karakanani,
kwa hiyo swali limeangukia mezani pangu,
kati ya kahawa iliyopoa
na bili ya umeme wa Novemba.

Nianze na jokofu.
Kitambaa hutufikia kimeshalowa gundi yake,
cheusi, chenye kunata, kimelazwa kwenye baridi kali
kama maiti ya tajiri.
Kikitoka nje, saa zake zinahesabika.
Agosti umeme ulikatika usiku kucha,
bonde zima la Po limelala madirisha wazi,
na asubuhi marobota manne yalikuwa yamezeeka.
Hayakuoza. Hayakunuka. Yamezeeka tu.
Nani aliyalipa?
Wewe, kidogo. Na aliyekutangulia, kidogo.

Halafu yupo Nives.
Zamani alishona mikoba, mpaka kiwanda kile
kilipofungasha cherehani na kuhamia mashariki.
Sasa anakilaza kitambaa ndani ya kalibu,
tabaka juu ya tabaka, nyuzi hizi zikielekea mlimani,
zile zikielekea reli ya Sassuolo,
akizibana pembe kwa kijiti
alichokichonga kutoka mpini wa mswaki.
Ipo mashine iwezayo kazi hiyo.
Tuliulizia bei, tukacheka, tukarudi kazini.
Saa kumi na moja kwa boneti moja.
Anahesabu tabaka kwa lahaja ya mama yake,
na ukimsemesha katikati anaanza upya.
Mara mbili mikono imemtoka vipele.
Tukabadilisha glavu. Hilo nimeliandika
chini kabisa: *vifaa na mengineyo.*

Usiku tunaifunga mfukoni, tunainyonya hewa yote,
tunaisukuma ndani ya tanuri la shinikizo,
na mlango ule mzito hujifunga
kama mdomo wa mtu aliyekula kiapo.
Dario, mlinzi, haitazami mita ya umeme.
Anasema inampa kizunguzungu.

Boneti yako ilitoka Alhamisi.
Iling'aa hata nikaziona ndani yake taa za darini
na uso wangu, umechoka.
Nives akatoa sarafu, akaigonga polepole,
akitega sikio kama daktari kifuani:
tok, tok, tok, tok,
kisha, karibu na ukingo wa kushoto,
tuk.

Hewa. Pengo dogo kama punje ya dengu,
limejificha chini ya ngozi.
Nikasema, nakiri, nikasema:
tuipake rangi, nani atajua?
Nives hakunijibu. Aliirudisha sarafu mfukoni,
akaenda kuchukua msumeno
ili aone pengo limefika wapi.

Chuma kikikosewa hurudi motoni kikatubu.
Kitu hiki hakina toba.
Hakiyeyuki, hakizikiki, hakuna anayekinunua.
Jumatatu alianza nyingine,
tabaka la kwanza, nyuzi zikielekea mlimani.

Hiyo uliyonayo, Bwana Tassinari, ni ya pili.
Wepesi wake umeupima mwenyewe
na kwenye barua yako umeusifu.
Uzito haukupotea. Uko huku,
tumegawana.

Nimeandika yote haya, kisha nimeyafuta.
Nimebakiza mstari mmoja:
*Bei ni ile ile, pamoja na salamu zetu.*

Nje kumeanza kunyesha.
Ile ya kwanza, iliyokatwa ubavu,
Nives ameiezekea banda la kuku nyuma ya karakana,
nami kutoka hapa nilipo naisikia mvua ikiikagua:
tok, tok, tok,
na mahali pamoja tu,
tuk.