Chembe ya Tindo

Jumanne, katikati ya pipa la tatu,
kitu kilinigusa jicho, chepesi kama mbu.
Nikapangusa, nikaendelea kupiga.
Januari hapa Kibuye fundi hasimami:
watoto wa kidato cha kwanza wanangoja masanduku
na mama zao wanahesabu noti mbele yako, mara mbili.

Ijumaa moshi uliingia jichoni, haukutoka.
Nikaosha kwa maziwa, kwa chai ya rangi iliyopoa.
Nyangweso wa majiko akafunua kope, akapuliza,
akaapa haoni kitu.
Alisema kweli. Mlango ulishajifunga,
na mgeni alikuwa ndani, amekaa.

"Chuma," alisema Daktari Khasiala,
akiinua eksirei dirishani:
fuvu langu, na humo nukta moja nyeupe
kama taa iliyosahauliwa mchana.
"Kikikaa kitaota kutu,
na kutu italila jicho polepole."
Hilo sikuhitaji kufafanuliwa.
Najua kutu inavyokula.

Sindano ya ganzi, kisha kitambaa cha kijani
chenye dirisha moja.
Hakuna aliyeniambia kwamba nitaona.
Niliona: kijiti cheusi kikipita,
si mbele yangu, ndani yangu,
kama mwizi mwenye adabu anayejua nyumba.
Mashine ikanyonya ute,
daktari akaomba sumaku
kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani.
"Usitikisike, mzee."
Mimi, mtikisa vyuma,
siku hiyo nililala chini ya mkono wa mtu
nikawa fuawe.

Kisha: ti.
Ndani ya bakuli.
Miaka ishirini na sita napiga hadi Kondele wananilalamikia,
sijapata kusikia chuma kikisema kwa upole hivyo.

Wakanipa kichupa.
Nikakigeuzageuza kwa jicho lililobaki.
Kijivu, kimepinda ukingoni, kigumu.
Bati la pipa halivunjiki hivi, bati hukunjika.
Hii ni tindo.
Ni kile kichwa kilichochanua kama uyoga,
ambacho kila Jumamosi nilisema
kesho nitakisaga.

Nikaomba simu.
"Obuya, uko wapi?"
"Kazini. Namalizia masanduku yako."
"Kwa tindo ipi?"

Akacheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa jina lake.
"Si ile yako, fundi,"
na nyuma yake Kibuye nzima ilikuwa ikipiga.