Reli ya Pembeni

Baba alikuwa shanta, stesheni ya Tabora.
Kazi yake: behewa la Mwanza lisijikute Kigoma,
pipa la mafuta lisikae ubavuni mwa moto.
Nilimpelekea uji, nikasimama nyuma ya mstari mweupe,
nikahesabu magurudumu.

Sasa nimepanga chumba Isevya, juu ya fundi cherehani,
naandika lugha.
Si ya kusemea watu
(ni ya kuiambia mashine ya chama cha warina
ipime asali bila kumpunja mtu gramu.

Kwanza ni kukata.
Mashine haioni neno, inaona herufi zimeshikana mikono.
Nimekwishakupigia: treni nzima kwa pumzi moja,
ni, me, kwisha, ku, pig, i, a.
Mama Nyanzala muuza vitumbua huikata bila kujua ana kisu.
Mimi siku tisa nakifundisha kisu hicho:
hapa namba, hapa jina, hapa nafasi tupu, pita.

Kisha nikakwama.
Mbili jumlisha tatu zidisha nne.
Nikapata ishirini. Kila asubuhi, ishirini.
Warina wangenifungia mzingani.

Baba akaja Jumapili, mgongo umempinda, kofia ileile.
Hajui kompyuta. Anajua msururu.
"Namba ni abiria," akasema, "zipite moja kwa moja.
Alama ziweke reli ya pembeni, ile iliyoziba upande mmoja.
Jumlisha kaingia. Zidisha akija, yeye ana haraka zaidi,
mpange karibu na mdomo.
Msururu ukiisha, fungua: wa mwisho kuingia, wa kwanza kutoka."
Akapanga njiti za kiberiti mezani:
mbili, tatu, nne, zidisha, jumlisha.
Kumi na nne.
Nikacheka hadi fundi wa chini akagonga dari.

Halafu upatanisho.
Sema 'kiti limevunjika',
mtoto wa darasa la pili atakusahihisha hujafunga mdomo.
Huyo mtoto namtaka mlangoni mwa lugha yangu.
Kilo na shilingi zisijumlishwe. Jina la mrina lisigawanywe kwa tatu.
Akatae papo hapo, si usiku, mzigo uko njiani.

Shangazi Kabula aliwahi kuandika barua:
'nimemwona sokoni mke wa fundi mpya'.
Nani mpya? Mke, au fundi?
Nyumba mbili za Kiloleni hazikusalimiana hadi masika.
Kwa hiyo nadai mabano. Yanachosha macho, hayavunji ndoa.

Neno moja lilitugombanisha.
Nilitaka 'kama'. Fupi, limezoeleka.
Baba: "Kama ana zamu mbili, kufananisha na kushurutisha.
Mwenye zamu mbili husinzia kwenye swichi."
Nikaandika 'ikiwa', nikiwa nimenuna.

"Na mtu akikosea, inamwambiaje?"
Nikamwonyesha: HITILAFU 14.
Akanyamaza.
"Usiku behewa la chumvi ya Uvinza lilipotoka relini,
hatukuhitaji namba. Tulihitaji kujua wapi."
Siku mbili nimeandika upya. Sasa inasema:
ulifungua mabano mstari wa tisa,
nimefika hamsini na sita, bado nakungoja.

Siku moja itajitafsiri yenyewe,
shoka kuchonga mpini wa shoka.
Leo naazima shoka la watu.

Honi ya saa mbili. Dirishani baba,
bila kujijua, anainua mkono,
ameshika taa ambayo haipo,
hauteremshi hadi behewa la mwisho lipite.)