Siku za Maji

Tulipanda ngazi kwa sababu lifti ilikuwa imekufa,
orofa ya tano, Barabara ya Ngong,
wewe mbele, mimi nyuma ngazi sita,
tukihema pamoja kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Chumba hakikuwa na kizimba wala bendera.
Meza ya duara, birika, vikombe vitatu visivyofanana,
na mpatanishi, Bi Jerotich, ana mafua,
anaomba radhi kila akipenga.
Nilingoja atupe ile ya fahali wawili na nyasi.
Hakuitoa.
Alisema tu: "Hapa hakuna atakayeshinda.
Anayetaka kushinda, mahakama iko kule Milimani,
na foleni yake Mungu ndiye ajuaye."

Ukacheka kidogo. Nikakasirika kwamba umecheka.

Kiploti cha Kamulu tulikimaliza kabla ya chai:
kiuzwe, tugawane nusu kwa nusu,
na lile deni la chama ni langu, nakiri.
Karo ya Moraa: mimi muhula wa kwanza na wa tatu,
wewe wa pili, na sare, na viatu,
ambavyo mtoto huyu huvila kama mchwa.
Jumamosi kwangu. Krismasi kwa zamu.
Kalamu ilitembea bila kujikwaa.

Kisha tukafika kwenye tangi.

Tangi jeusi la lita elfu moja, pale roshani, Umoja,
nililolinunua kwa ujira wangu wa kwanza wa kutandaza nyaya,
likapandishwa kwa kamba, mtaa mzima ukitoa ushauri.
"Langu," nikasema.
"Basi libebe kichwani," ukasema,
na ghafla miaka kumi na mmoja yote ikamiminika humo:
mazishi ya mama yako niliyofika yamekwisha,
simu yangu uliyoipekua nikiwa bafuni,
lile neno nililokuita mbele ya fundi wa friji.
Tulipiga kelele hadi bawabu akachungulia.

Bi Jerotich akapenga. Akavua miwani.
"Huko kwenu maji huja lini?"
"Jumanne na Ijumaa," tukajibu kwa sauti moja.
"Saa ngapi?"
"Saa tisa usiku." Tena kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza.
"Na nani huamka?"

Nilifungua mdomo.
Nilikuwa na jibu, tena lenye meno.
Lakini wewe, Kerubo, ukatangulia,
ukitazama kikombe, si mimi:
"Yeye. Huamka yeye.
Hata wiki zile tulipokuwa hatusemezani.
Huenda kwa ncha za vidole asituamshe,
nami niko macho, nasikia mpira ukikohoa hewa,
kisha maji."

Sikujua kwamba ulikuwa macho.
Miaka kumi na mmoja.

Hatukurudiana.
Ufa hatukuuziba, ukuta hatukuujenga;
tulihesabu matofali tu, tukagawana.
Tangi likabaki Umoja, anakolala Moraa,
likaandikwa kifungu cha tisa,
kati ya friji na cherehani.
Wakati wa sahihi kalamu yangu iligoma.
Ukanipa yako. Sijairudisha.

Sasa nakaa Pipeline, orofa ya saba,
ambako maji hununuliwa kwa mtungi
na hakuna cha kukinga.
Lakini Jumanne, saa tisa, mwili huamka wenyewe,
huketi kitandani
kama mlinzi ambaye mwenzake wa zamu hakufika.
Juma lililopita nilikuandikia:
"Yamekuja?"
Jambo hilo halimo katika mkataba,
nimeupitia mara mbili.

Dakika nne.
Ng'ambo ya ukuta jirani alikuwa akikoroma.
"Yamekuja," ukajibu. "Lala."