Bitana

Walikuja kibandani kwangu Mwanjelwa mwezi wa sita,
asubuhi ambayo hata muuza chapati alivaa soksi mikononi.
Dairekta, kijana wa Dar mwenye koti la kuazima,
akaniandikia nyuma ya risiti:
nguo nane, zifanane, rangi ya embe,
mgongo wazi, zikome gotini.
Kisha akakata "gotini".
"Kwenye video, mama, ni joto mwaka mzima."

Nikatazama nje. Loleza ilikuwa imejikunyata.
Wauza maziwa wa Uyole walisema
majani ya viazi yameungua kwa barafu.

Nimeshona majoho ya kwaya, gauni za kipaimara,
kaptula za mgambo. Najua mwili wenye baridi
haujui kudanganya.
Basi usiku nikafungua boksi la vipande,
nikatoa flaneli iliyobaki kwa mtoto wa Subilaga,
nikaitia kifuani na mbavuni,
kamera isikofika.
Sikumwambia mtu.
Sikuidai hela yake.

Siku yenyewe nilikwenda na pini mdomoni.

Gari jeupe pembeni mwa bwawa la gesti
lilikuwa la Ambakisye, mpeleka viazi Makambako.
Walilipiga maji, likang'aa,
ila buti lisifunguliwe.
Gwakisa, siku hizi Dola Gwaki,
alivaa miwani ya jua
na jua lenyewe halijaamka.
Akarusha hela: juu noti moja ya elfu kumi,
chini yake karatasi za mtihani zilizokatwa kwa mkasi wangu.
Moja ikanitua mguuni:
*Taja faida tatu za misitu.*

Mashine ya moshi haikuwashwa.
Pumzi za wasichana zilitosha.

Chupa ya shampeni ilijazwa chai ya rangi,
ikatoa mvuke, dairekta akashika kichwa.
"Kata! Shampeni haichemki!"
Lakini wasichana waliigombea,
wakakosea hatua makusudi
ili irudiwe, waishike tena.

"Tena! Cheka kama umependwa!
Geuka, tazama begani, taratibu,
nywele zipepee." Akapunga sinia.
Nywele, zilizosukwa Kabwe kwa saa sita,
zikakataa.

Hapo ndipo Atupele, safu ya pili,
wa tatu kutoka kushoto,
alipopitisha kidole ndani ya nguo
akakutana na flaneli.
Akasimama nusu mdundo.
Akanitafuta kati ya makreti ya soda,
akaniona nimekaa na pini zangu,
akatabasamu. Si lile alilofundishwa.
La mtu aliyefunikwa blanketi
akiwa bado usingizini.

"Hiyo hiyo!" dairekta akapiga kelele.
"Hiyo hiyo, usiiguse!"

Video imetoka. Inapigwa saluni,
inapigwa kwa muuza simu ng'ambo ya kibanda changu,
mara ishirini kwa siku.
Bwawa la buluu, hela zinaanguka kama makapi ya mahindi,
kiuno, gari, kiuno, gari, chupa,
na sekunde mbili za Atupele.

Vijana wanazirudisha nyuma kwa kidole.
"Huyu binti," wanasema, "hakuigiza.
Muone macho. Dola Gwaki kamuweza."

Juzi walinigeukia:
"Mama, wewe si ulikuwepo? Ni kweli wanapendana?"

Nilikuwa na uzi mdomoni.
Niliukata kwa meno.