Ukurasa wa Mwisho Haujachorwa

Kaka yangu Ndekirwa huchora, mimi naandika viputo.
Chumba kiko nyuma ya duka la fotokopi, karibu na stesheni ya Moshi.
Mashine inatoa vyeti vya kuzaliwa vya watu wengine
na joto linalokausha wino kabla sijakosea.

Katika Moshi yake ya pili reli haikuishia mjini.
Ilipanda, ikafika kileleni,
ikaishusha theluji kwa mabehewa, ikauzwa.
Hapo ndipo njia ilipochepuka, anasema:
karani mmoja, sahihi moja,
na kila kitu kikaota upande.
Sasa kuna ukuta kutoka Pasua hadi Njoro,
maji ya mfereji yanapimwa kwa kijiko,
mlima ni mweusi kama kitako cha sufuria ya msibani,
na Mwanaradi, aliyetuokoa toleo la kwanza,
amekaa juu yake akitutawala kwa upole wa kutisha.

Nikamuuliza, mbona ana ndevu?
"Upande ule, mwema akioza huota ndevu."
Na huyu mwenye jicho moja? "Huyo ndiye wa kuaminiwa."
Na mwalimu wake?
"Walimu hawavuki ukurasa wa nne."
Basi nikazishika kanuni kama ninavyoshika bei ya sukari:
ajaye kutoka kesho hufika akihema, na onyo asilolisikiliza mtu;
asemaye "nitarudi" harudi;
aliyezikwa bila maiti kuonekana,
mwekee sahani.

Tuligombana mara moja tu. Ukurasa wa saba
mke wa Mwanaradi anaanguka kutoka mnara wa saa
(upande ule una ghorofa kumi na mbili)
ili mume apate hasira ya kumtosha kurasa thelathini.
Nikakataa kumwandikia kilio.
Niliandika: "Nani kafunga mlango wa ngazi?"
Ndekirwa akanuna siku mbili, halafu akauchora mlango.

Lakini kuna kitu sikumuuliza.
Kila fremu ya soko la Kiborloni, pembeni, mdogo kama punje,
kuna mwanamke mwenye kilemba cha bluu
anapanga ndizi mshare.
Askari wa ukuta wanapita. Moto unapita. Anapanga.
Kiatu chake cha kushoto hakina kisigino.
Kisigino kile alikikata mwenyewe, kwa mundu wa majani ya ng'ombe,
kwa sababu kilikuwa kinambana.
Tulikisahau kiatu Mawenzi, chini ya kitanda cha wodini.
Tuliporudi siku ya tatu
kitanda kilikuwa na mtu mwingine, na viatu vingine.

Kwa hiyo dunia iliyoharibika,
yenye ukuta, na kijiko, na mfalme wa ndevu,
ndiyo pekee aliyomkuta akiwa hai.

Na kanuni ya mwisho tunaijua sote:
shujaa lazima airudishe saa.
Njia mbaya ifutwe, na wote waliopona ndani yake.
Mlima urudi mweupe. Wasomaji wapige makofi.
Huu mwaka wa tatu, ukurasa wa mwisho ni karatasi tupu
yenye duara la kikombe cha chai.
Watoto wa Majengo wanachungulia dirishani:
"Braza, Mwanaradi kashindwa?"
Anawajibu wino umekwisha.
Wino upo. Mimi ndiye ninayeununua.

Juzi umeme ulikatika, naye alikuwa amelala.
Nikawasha tochi ya simu, nikaitoa ile fremu ya soko,
nikamchorea yule mwanamke kiputo.
Kuchora si kazi yangu; kilitoka kama yai lililokanyagwa.
Mtu wa hadithi hizi angesema jambo kuhusu wakati.
Nikaandika:

"Mkungu elfu kumi na tano. Kwako, kumi na mbili.
Na hizo kucha, Ndekirwa, kazioshe."

Asubuhi nilisikia bomba la uani likitiririka
muda mrefu, kuliko wa kunawa uso.