Harufu ya Mpira

Nakala mia mbili. Majalada yake nilichapa mimi,
kwenye steshenari yangu ya Ngarenaro,
Julai, mvuke ukitutoka midomoni, wino ukigoma kukauka.
Lomnyaki alikaa juu ya ndoo akikata pembe kwa mkasi,
moja moja, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza.
Picha: geti la kiwanda cha matairi, kufuli, mbuzi amelala.
Jina la albamu: Harufu ya Mpira.
Jina lake mwenyewe aliliweka dogo, chini ya mbuzi.

Utanilipa lini?
Zikiisha, dada.
Nikamwandika kwenye daftari la madeni,
kati ya mwalimu wa Levolosi na kwaya ya usharika.

Jumamosi akazitoa. Hapakuwa na jukwaa.
Spika moja ya kuazima mbele ya kinyozi,
waya umevuka barabara,
bodaboda wanaukanyaga, biti inakatika, inarudi,
naye anachana hivyo hivyo, mapengo akiyajaza kwa mdomo.

Watu walikuja. Wengine walikuja kuona nani kaja.
Muuza nyama alinunua tatu, akazitundika juu ya mizani
zifukuze nzi. Zilifukuza.
Chalii mmoja wa Kijenge akasema:
mistari mikali, ila sauti iko kisimani.
Mwingine: nani anacheza muziki wa kiinua mgongo?
Mtangazaji wa redio aliipokea kwa mikono miwili,
akaahidi kuipiga kwenye kipindi cha michezo.
Alidhani ni mpira.

Wiki tatu, zimetoka sitini na nne.
Najua, nilikuwa nahesabu changu.

Usiku, nikifunga mahesabu, niliusikiliza wimbo wa tano,
ule unaoanza bila biti, na mtu anakohoa:

*Mashine ya nne, zamu ya usiku, mzee yuko kazini,
anarudi alfajiri, moshi wa mpira kifuani.
Leo geti lina kufuli, mafao yako njiani.
Njia gani hiyo ndefu, imepitia nchi gani?*

Nikaurudia. Nikasahau nilikuwa nimefika wapi kwenye hesabu.

Halafu Jumatatu moja ya manyunyu akaingia mzee Loishiye,
koti limelowa mabegani, kofia mkononi.
Akagusa sikio. Haya, akasema, yalibaki kiwandani.
Nasikia mwanangu ameniimba.
Nitolee maneno. Herufi kubwa.

Nikasikiliza, nikasimamisha, nikaandika, nikarudisha nyuma.
Kurasa saba. Alilipa zote, punguzo hakutaka.
Akasoma amesimama, kidole chini ya mstari,
midomo ikitembea, mvua ikipiga bati bila yeye kujua.
Alipofika kwenye "nchi gani" akacheka,
kwa sauti kubwa, ya mtu asiyejisikia,
hadi kinyozi akachungulia.

Kisha akaomba kalamu.
Akakata "nne". Juu yake akaandika "tatu".
Mwambie, akasema, ya nne ilikuwa ya Ndekirwa.
Asimnyang'anye marehemu kazi.

Jioni Lomnyaki akazisoma zile kurasa, amekaa juu ya ndoo yake.
Alisoma ule mkato tu, muda mrefu,
kama vile kurasa nyingine zilikuwa tupu.
Studio ilitaka hela, na hela hana.
Akaniomba kalamu, ile ile.

Zilibaki mia na thelathini na sita.
Nyuma ya kila jalada, kwa mkono:
*Sahihisho. Mashine ya tatu. Ya nne ni ya Ndekirwa.*
Nilimsaidia arobaini hivi, mpaka umeme ukakatika,
tukamalizia kwa tochi ya simu.

Kama unayo yenye wino wa bluu mgongoni, itazame.
Mwandiko uliolala ni wake.
Ulionyooka ni wangu,
na deni, ukitaka kujua, bado limo daftarini.