Ukemi wa Dakika ya Pili

Anayepiga ukemi kwenye santuri ile ni mama yangu.
Mwimbaji ni mwingine: Orville Tkach,
muuza matairi wa barabara ya Market,
aliyebana pua akajifanya zimwi lenye mafua,
akaimba jinsi lilivyonyimwa mwaliko wa karamu
likaingia kwa dirisha, likala keki na sahani yake.

Roki na roli ya miaka ile ilikuwa na kichaa cha msimu:
kila mwenye gitaa na deni
alijitafutia zimwi lake la Halowini.

Youngstown, Ohio, Agosti ya sitini na mbili.
Joto la kukaanga yai barabarani,
maboga bado ni maua shambani,
lakini Orville kasema ya Oktoba hupikwa Agosti,
akakodi chumba juu ya duka la viatu
na mashine ya kunasia sauti, yenye moto kama pasi.

Jeneza lilikuwa mlango wa friji mbovu.
Minyororo ya wafu ilikuwa ya mbwa wake,
na mbwa naye akaja kuulizia mali yake;
ukitega sikio
utamsikia akikohoa nyuma ya saksafoni.
Ubongo unaochemka ni uji wa shayiri,
mrija, na mpiga ngoma asiye na haya.

Ukemi tu ndio uliokosekana.
Wasichana watatu walijaribu, wakaishia kucheka.
Ndipo mtu akamkumbuka Verna,
Verna wa ubao wa simu za mbali, jengo la pili,
"Namba gani, tafadhali?"
mara mia nane kwa zamu, sauti laini kama pamba ya sikio,
asiyewahi kumjibu mteja mlevi,
wala msimamizi, wala mama mkwe.

Wakamweka bafuni, kwa ajili ya mwangwi.
Akavua viatu. Akauliza, "Kwa muda gani?"
Orville akainua vidole vinne.

Akapiga.

Mpiga gitaa alikatikiwa na waya.
Muuza viatu wa chini aliita polisi;
walikuja, wakapewa bia.
Mama alilipwa dola nane. Akanunua pazia la jikoni.

Kimya kingi kina mshindo, sawa,
ila mshindo ulipokwisha
alirudi ndani ya kimya chake akafunga komeo.
Siku tanuri la chuma lilipomchukua baba
simu iliingia kwenye ubao wake mwenyewe.
"Subiri kidogo, tafadhali," alisema,
akaiunganisha kwa msimamizi,
akavua vipokea sauti, akakunja waya wake vizuri.

Na kila Oktoba redio ilimpigisha ukemi upya.
Tuko mezani, supu ya kabichi,
zimwi linapiga chafya, sisi watoto tunahesabu,
na mama anaweka kijiko chini mapema,
kama mtu anayempisha mwenziwe mlangoni.
Nilidhani anaona haya.

Sasa santuri ninayo mimi. Imechoka.
Pale kwenye dakika ya pili, tulipoirudisha sindano
mara elfu tukicheka, mfereji umelika.
Friji inalia, mbwa anakohoa,
kisha shhh, pumzi tupu,
kama mtu aliyefungua kinywa akaghairi.

Kengele. Mzuka wa futi tatu,
shuka la maua, miwani juu ya shuka.
"Umenitisha sana," namwambia, na kumpa pipi mbili.
Hazitazami.
"Mbona hujapiga kelele?"

Naliweka bakuli chini.